KASENGA: BWATO YA MCHEZO NA BWATO YA KAZI

Wazazi na vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi, Fungurume na kambi zote za kazi, mwezi huu tunawaalika Kasenga. Ni safari ya kilomita zaidi ya 200 toka Lubumbashi, upande wa kaskazini-mashariki. Kamyo inapita katika pori la miombo, magunia ya makala yamesimama kando ya njia sawa watu wanaongoja basi. Kule Kasomeno njia inagawanyika: moja inakwenda Kilwa na Pweto, ingine inashuka mpaka mtoni. Ukifika mwisho wa njia hiyo, maji yako mbele yako. Ng'ambo ni Zambia.

Kwa nini Kasenga? Ni juu ya neno moja la watoto wetu. Siku hizi wanaona kwa televizyo na kwa telefone zile bustani za michezo za Ulaya na Marekani. Kule kuna bwato ndogo ndogo, watu wanaingia na familia, wanakaa, na bwato inatembea polepole bila mtu kushika kafi. Hakuna kelele, hakuna hofu, hakuna jasho. Basi watoto wanauliza: "Papa, kwetu hatuna bwato sawa ile?" Ni swali zuri. Lakini jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu bwato zile za mchezo na mito yetu ya Kongo ni jamaa wa zamani kuliko tunavyofikiri.

BWATO YA MCHEZO INATEMBEA NAMNA GANI

Tuanze na mashini yenyewe, maana vijana wanapenda kujua. Bwato za namna hii zilianza kuenea Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika bustani ya Kennywood, karibu na mji wa Pittsburgh, iko moja ilijengwa mwaka 1901, jina lake Old Mill, maana yake kinu cha zamani. Walichimba mfereji mwembamba, wakaujaza maji, wakaweka gurudumu kubwa la makasia. Gurudumu linazunguka, linasukuma maji, maji yanachukua bwato. Mfereji unapita ndani ya nyumba ya giza yenye sanamu, halafu unarudi pale ulipoanzia. Abiria hawezi kupotea hata akilala usingizi.

Mwaka 1964, kwa maonyesho makubwa ya New York, kampuni ya Walt Disney ilitengeneza bwato ingine ya polepole kwa ajili ya UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa. Abiria wanapita katikati ya mamia ya sanamu za watoto wa inchi nyingi, wote wanaimba wimbo mmoja kwa luga mbalimbali. Mwaka 1966 waliihamisha California, na mpaka leo watu wanaipanda. Hapo pia pampu zinasukuma maji na maji yanasukuma bwato.

Lakini ile inayotuhusu sisi zaidi ni ingine. Tarehe 17 mwezi wa saba 1955, bustani ya Disneyland ilifunguliwa kule Anaheim, California, na siku ile ile ilikuwa na bwato zinazoitwa Jungle Cruise, maana yake matembezi ya porini. Chini ya maji kuna reli, na bwato inafuata reli hiyo. Maji wameyatia rangi ya matope ili watu wasione reli. Walt Disney mwenyewe alitaka kwanza kuweka nyama wazima, lakini wenye kujua walimwambia kwamba nyama wazima watalala mchana ao kujificha, na wageni hawataona kitu. Kwa hiyo walitengeneza viboko, mamba na tembo wa mashini. Kiboko anatokea majini kwa saa yake, anafungua kinywa, anarudi chini. Bwato inayofuata ikifika, anatokea tena.

Na moja ya bwato zile inaitwa Congo Queen, ni kusema malkia wa Kongo. Ingine ni Zambezi Miss. Njo hapa tunaanza kujiuliza: jina letu lilifika namna gani kwenye bwato ya mchezo ya California?

FUNGURUME, LUALABA, NA FILMU MOJA

Wafanyakazi wa Fungurume, sikilizeni. Habari hii inapita katika mugini yenu.

Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wadachi walitawala ziwa Tanganyika kwa meli zao. Waingereza walituma bwato mbili za mota, kila moja urefu wa metre 12 hivi, jina lao Mimi na Toutou. Zilifika Afrika ya Kusini kwa bahari, zikapanda reli mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kutoka hapo mpaka Fungurume, kwa sababu pale reli ilikuwa imeishia. Halafu? Walizivuta kwa inchi kavu, kilomita zaidi ya 200, kupita milima ya Mitumba. Kulikuwa mashini mbili za mvuke, ng'ombe wengi, na watu wetu mamia, waliokata miti, kujenga madaraja na kukokota kamba. Wanawake walibeba maji ya kunywesha mashini zile. Kutoka Sankisia reli ndogo ilizifikisha Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na reli ya mwisho ikazifikisha ziwani. Tarehe 26 mwezi wa 12, 1915, zilikamata meli moja ya Wadachi, Kingani, na mwezi wa pili 1916 zilizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, wenyewe waliizamisha mwaka huo huo. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kutoka 1927 ilibeba abiria wa Kigoma kwa jina la Liemba.

Jina la kamanda limeandikwa katika vitabu: Geoffrey Spicer-Simson. Majina ya wale waliokokota kamba Mitumba hayakuandikwa.

Kutokana na vita ile, mwandishi Mwingereza C. S. Forester aliandika mwaka 1935 hadizi ya kutunga, The African Queen, habari ya bwato ndogo ya mvuke na dada wa mmisionari. Mwaka 1951 John Huston aliifanya filmu. Hawakupiga picha zote Ulaya. Walikuja kweli, wakakaa katika pori letu, mto Ruiki, si mbali na Ubundu, ambayo wakati ule iliitwa Ponthierville, halafu wakaenda Uganda. Bwato moja iliyotumika katika filmu ile ilikuwa imefanya kazi ya kweli ziwa Albert. Leo iko Key Largo, Florida, inatembeza wageni polepole katika mfereji. Bwato ya kazi imekuwa bwato ya mchezo kabisa!

Na watu wa Disney, walipopanga matembezi yao ya mwaka 1955, walikuwa wameangalia filmu hiyo. Ni hivi mto wa Kongo ulifika California, umepungua mpaka kuwa mfereji, na kiboko wake anafuata saa.

KABLA YA ILE: TERVUREN 1897

Kuna habari ya zamani zaidi, na ni ya uchungu. Tunaiandika juu ya vijana, maana ni vizuri waijue kwa wazazi wao mbele ya kuisikia kwa wengine.

Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya Kongo kule Tervuren, karibu na Bruxelles. Alileta Wakongomani 267, wanaume, wanawake na watoto. Walijengewa vijiji kando ya maji ya bustani, na waliendesha mitumbwi yao juu ya maji yale mbele ya wageni. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kutazama. Ile siku ya mvua na baridi, mtoto wa Ubelgiji alikula peremende na kuangalia mtumbwi unapita, sawa vile leo mtoto anaangalia kiboko wa mashini. Tofauti ni kwamba yule aliyeshika kafi alikuwa mtu.

Saba kati yao walikufa kule kwa ugonjwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpemba, Zao, Sambo na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Hawakuzikwa kwao, lakini majina tunayo. Tuyasome kwa sauti nyumbani mara moja.

Je, tuseme basi bwato za mchezo ni mbaya? Hapana. Mtoto kutembea polepole juu ya maji pamoja na mama yake ni furaha safi. Shida ilikuwa picha iliyowekwa kando ya maji. Kwa miaka mingi ile Jungle Cruise ilionyesha pia sanamu za watu wa porini wenye mikuki, na mmoja muuza vichwa vya watu. Watoto wa dunia waliopita pale walicheka, wakarudi nyumbani na picha ile: Afrika ni pahali ambapo nyama wanaishi na watu wanatisha. Mwezi wa kwanza 2021 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba itaondoa sanamu hizo, na katika mwaka ule ule iliziondoa. Imepita miaka zaidi ya 60. Ni vizuri wamefanya. Lakini kuondoa picha ya uongo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonyesha picha ya kweli, na ile hawawezi kutufanyia wao. Sasa turudi mtoni.

LUAPULA YENYEWE

Mto Luapula unatoka katika maziwa na majani ya Bangweulu, kule Zambia, pande ambapo David Livingstone alikufa mwaka 1873. Unazunguka, unakuwa mpaka wa inchi mbili, unaanguka kwenye mawe ya Mambilima, halafu unatulia na kushuka mpaka ziwa Moero. Kutoka ziwani unaitwa Luvua, na karibu na Ankoro unaingia Lualaba. Kwa hiyo maji ya Kasenga ni maji ya mto Kongo, yanayokwenda mpaka bahari ya Banana.

Kasenga iko chini ya Mambilima, pale maji yametulia. Hii njo sababu Kasenga ilikuwa bandari: kutoka hapo bwato inaweza kushuka mpaka Moero bila kukutana na mawe. Wazungu walipokata mpaka mwaka 1894 walifuata mto, lakini watu walikuwa pande zote mbili tayari, wanasema Kibemba kile kile, wana ndoa na makaburi ng'ambo. Kwa karatasi ni mpaka. Kwa familia nyingi ni njia ya kwenda kwa shangazi.

Sasa angalia bwato ya Kasenga. Ya zamani inachongwa katika mti mmoja. Ingine ni ya mbao zilizopigwa misumari. Mwenye bwato anapanga watu na mizigo kwanza: magunia ya unga katikati, mama mwenye mtoto karibu na magunia, vijana pembeni, na hakuna mtu kusimama. Halafu hakati mto moja kwa moja. Anapanda kwanza kando kando ya majani, pale maji hayana nguvu, akihesabu ni kiasi gani mto utamrudisha. Akifika pahali pake anageuza kichwa cha bwato, na mto wenyewe unamsaidia kushuka mpaka Kashiba, ng'ambo. Mgeni anaona mtu amekaa nyuma na kafi moja, anafikiri ni kazi nyepesi. Lakini yule muzee anasoma maji sawa vile mashinisti anasoma saa za mashini. Hakuna reli chini. Reli iko katika kichwa chake.

Na kiboko wa Luapula hatokei kwa saa. Hii njo tofauti kubwa. Wavuvi wanajua pahali anapolala mchana na njia anayopandia usiku kwenda kula majani, na wanapita mbali. Mamba vilevile. Mama anayeteka maji kwenye ukingo hana haja ya filmu ili kumwogopa.

SAMAKI WALIOLISHA KAMBI

Kuna sababu ingine kwa nini sisi watu wa migodi tuna deni kwa Kasenga. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na wafanyakazi wake walihitaji kula. Nyama ilikuwa haba, basi kampuni ilitafuta samaki. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakaleta bwato za mota na barafu, wakanunua samaki kwa wavuvi wa Luapula na Moero, na kamyo zikapeleka Elisabethville. Samaki katika posho ya mababu wetu kambini, mara nyingi ametoka hapa: pale, na mpumbu.

Vijana wengi wa leo hawajui jina la mpumbu. Zamani, mvua zikianza, mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Watu wa Luapula walingoja siku zile kwa furaha. Halafu bei ya mjini ilipanda, nyavu zikawa nyingi, na nyavu zilifunga njia ya samaki wenyewe wakati wana mayai tumboni. Kufika miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hakuna mtu mmoja aliyewaua wote. Kila mmoja alichukua kidogo zaidi, kila mwaka, na soko lilisema leta.

Leo ni pale anayefuata njia hiyo. Zambia inafunga uvuvi kila mwaka kutoka mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa pili, ili samaki wazae. Lakini mto ni mmoja. Kama pande moja nyavu zimelala na pande ingine zinafanya kazi usiku, samaki hajui mpaka. Na ile nyavu ya mustikere, inayovua watoto wa samaki kama vile unafagia, inakata chakula cha mwaka ujao. Mama unaponunua samaki wadogo kama kidole sokoni, uliza kidogo: huyu ni dagaa, ao ni mtoto wa pale? Mnunuzi pia ana mkono katika nyavu.

TUSIFANYE MTO MCHEZO, LAKINI TUUTEMBELEE

Serikali mbili zimepatana njia ya Kasomeno, Kasenga, Chalwe mpaka Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula. Daraja likitumika kabisa, kazi ya kuvusha itapungua. Wenye bwato watafanya nini? Hapa vijana wanaweza kufikiri. Wageni wa migodi, wanafunzi, vikundi vya wamama, familia za Lubumbashi zinazotafuta pahali pa kupumzika siku ya likizo, wote wangependa kutembea saa moja juu ya maji yaliyotulia, asubuhi, wakati jua linatoka pande za Zambia na ndege wako juu ya matete. Hatuhitaji kiboko wa mashini. Tunahitaji muzee anayejua maji, na kijana anayejua kueleza.

Lakini sherti tuseme wazi. Ile bwato ya California ina kitu kimoja cha kuiga: mtu hapandi mpaka kila kitu kimehakikishwa, na nafasi zikijaa, zimejaa. Kwetu tunajua vilio. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bwato iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa ukingoni wakiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa wakiwa karibu kufika. Hakuna mamba aliyefanya ile. Ni uzito.

Kwa hiyo, wazazi na viongozi wa vijana, mkipeleka kundi Kasenga, mshike mambo haya:

Kwanza, kila mtu avae jile, na mtoto avae jile ya kiasi cha mtoto. Jile iliyofungwa chini ya magunia haimwokoi mtu.

Pili, hesabuni watu mbele ya kupanda. Mwenye bwato akisema sita, ni sita. Ukiongeza feza ili apakie wanane, umenunua hatari ya wote.

Tatu, hakuna safari usiku, hakuna safari wakati upepo umeamka, hakuna pombe kwa anayeshika kafi.

Nne, hakuna kusimama, hata kwa kupiga picha.

Tano, ulizeni wavuvi viboko wako wapi siku ile. Wao wanajua; kitabu hakijui.

Sita, lipeni vizuri. Ukilipa bei ya haki kwa watu sita, hana haja ya kutafuta wa saba.

Mkifika ng'ambo ao mkirudi, msiharakishe. Waelezeni watoto mto unatoka wapi na unakwenda wapi. Waambieni habari ya Mimi na Toutou, na ya wale waliokokota kamba. Waambieni habari ya mpumbu. Na katika mwaka 2017, watu wengi wa Tanganyika na Haut-Katanga walivuka kukimbilia mkoa wa Luapula wa Zambia, mpaka kambi ya Mantapala ikafunguliwa kwa ajili yao kule Nchelenge. Kwa wakimbizi wale mpaka haukuwa mchezo. Ng'ambo ilikuwa uzima.

Mtoto akisikia hayo akiwa amekaa katikati ya bwato, mkono wake unagusa maji, atajua kitu ambacho mtoto wa California hawezi kupewa kwa tikiti. Siku ingine akiona kwa televizyo bwato yenye jina la Kongo inafuata reli yake, atacheka kwa furaha sawa wengine. Halafu atasema: "Mi najua mto yenyewe. Haina reli, na muzee wa nyuma njo anajua njia."